Syzygy ni kitu gani, na kwenye tafsiri uandike bamvua au uandike nini?

Waalaykum salaam mwanangu, na shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Swali lako ntalifupisha ili na wengine wanaosoma wafahamu tunazungumza nini. Wewe uko Pemba, umepewa kazi ya kufasiri kijitabu cha Kiingereza kinachoeleza maji ya bahari kujaa na kupwa, kinataka kugaiwa kinamama wa mwani na wavuvi, na nyuma yake mna jedwali la tarehe la mwaka mzima. Sasa kila ukurasa unakutana na neno syzygy, kamusi imekupa maneno mawili tu, conjunction na opposition, ukazidi kupotea, kwa hiyo unataka kujua linatamkwaje, maana yake khasa nini, watu wanalitumia wapi, na mwisho kwenye karatasi yako uandike nini. Na mwenzako mmoja kakwambia wee andika bamvua umalize.

Nianze na hilo la mwenzako, mana ndo litakalokuharibia kazi. Syzygy na bamvua vinafuatana, kimoja kinaleta chenzake, lakini syzygy iko juu mbinguni, ni jua, mwezi na dunia kukaa mstari mmoja, na bamvua liko baharini, ni maji kujaa sana na kupwa sana, na tena haviji siku moja. Ukiandika bamvua kila unapoona syzygy basi tarehe zote za lile jedwali zitakuwa si kweli, na watakaosoma ni watu wanaoijua bahari kuliko mie na wewe na huyo aliyeandika hicho kitabu, wataliona kosa siku ya kwanza na hawatakisoma tena.

Kutamka ni rahisi kuliko linavyoonekana. Sema sízijii, mkazo weka mwanzo, ile g inasomwa j. Herufi sita, y tatu, na hamna a e i o u hata moja, ndo mana Waingereza wengi wanalijua neno hili kwa michezo ya maneno kuliko kwa bahari. Kwenye Scrabble ya Kiingereza vibao vya y viko viwili tu, kwa hiyo mtu hawezi kulipanga mpaka atumie na kile kibao kitupu, na mtunzi wa Kiingereza Lewis Carroll mwaka 1891 alitunga mchezo mzima wa maneno akaupa jina la Syzygies. Asili yake ni Kigiriki, syn ni pamoja na zygon ni nira, ile nira ya kufungia maksai wawili. Kwa hiyo ukilivunja neno linasema kufungwa nira moja. Hata zaigoti uliyosoma skuli kwenye bayolojia, pale mbegu mbili zinapoungana, inatoka kwenye nira hiyohiyo.

Maana yake ya kwanza, na ndo iliyomo kwenye kijitabu chako, ni viumbe vitatu vya mbinguni kuwa mstari mmoja au karibu na mstari mmoja. Vinaweza kuwa vyovyote. Zuhura alipopita mbele ya jua mwezi wa Juni 2012 ile ilikuwa syzygy ya jua, Zuhura na dunia, na ya namna hiyo haitoonekana tena mpaka 2117. Lakini mtu wa bahari akiandika syzygy bila kutaja kitu chengine basi anakusudia jua, mwezi na dunia, bas. Na mstari huo unapatikana kwa njia mbili, hapo ndo yanapoingia yale maneno mawili ya kamusi yako. Mwezi ukikaa kati ya dunia na jua hiyo ni conjunction, mwezi unakuwa kiza, hauonekani kabisa kwa sababu upande wenye mwanga umetupa mgongo. Masheikh zetu wanaiita ijtimai. Dunia ikikaa kati, jua huku mwezi kule, hiyo ni opposition, na usiku huo mwezi ni mpevu. Kwa hiyo syzygy ni jina la zote mbili kwa pamoja, kiza na upevu, na ndo raha ya neno lenyewe, linakuokolea kusema yote mawili kila mara. Kutoka kiza mpaka kiza ni siku 29 na nusu na kidogo, maana yake syzygy inakuja takriban kila siku 14 na robo tatu.

Kinachowashangaza wengi ni hiki, na naamini na wewe utaulizwa. Mwezi ukiwa kiza jua na mwezi viko upande mmoja vinavuta pamoja, hilo linaeleweka. Sasa mwezi ukiwa mpevu kimoja kinavuta huku chengine kule, mbona maji hayatulii na badala yake yanajaa vilevile? Jibu ni kwamba mvuto unapungua kadiri unavyokwenda mbali. Upande wa dunia unaoutazama mwezi unavutwa zaidi kuliko katikati ya dunia, na upande wa nyuma unavutwa kwa uchache kuliko katikati. Kwa hiyo maji ya mbele yanatangulia kidogo na ya nyuma yanabakia nyuma kidogo, na pande zote mbili maji yanatuna. Hii ndo sababu sisi huku maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku na siyo mara moja moja, kutoka kujaa mpaka kujaa ni kama saa 12 na dakika 25, ndo mana kila siku yanachelewa dakika kama 50 kuliko jana. Na jua nalo linafanya hivyohivyo, linatunisha maji mbele na nyuma, ila kwa kuwa liko mbali mno, kilomita kama milioni 150, nguvu yake kwenye maji ni chini kidogo ya nusu ya nguvu ya mwezi ijapokuwa lenyewe ni kubwa sana. Sasa ukishajua kuwa kila kimoja kinatunisha pande mbili, huulizi tena kama jua na mwezi viko upande mmoja au vimetazamana, muhimu ni mstari uwe mmoja, mtuno wa jua unaangukia juu ya mtuno wa mwezi.

Tuseme mwezi peke yake ni 100, jua ni kama 46. Siku ya syzygy unajumlisha unapata 146. Mwezi ukiwa nusu, ule wa siku ya saba au ya ishirini na mbili hivi, jua linakuwa pembeni ya mwezi, linatunisha pale ambapo mwezi unapunguza, kwa hiyo unatoa unabaki na 54. Hali hiyo Kiingereza chake ni quadrature na utaikuta kwenye kijitabu hichohicho, na maji yanayotokana nayo ndo maji mafu. Hesabu hii nimeirahisisha lakini ukienda ufukweni unaiona kwa macho: kwenye bamvua kubwa tofauti ya maji kujaa na kupwa huku Unguja inafika karibu mita 4, na kwenye maji mafu inashuka mpaka kama mita moja tu, mwani haufunuki vizuri na wanaokwenda kutafuta pweza kwa miguu wanakaa nyumbani.

Halafu kuna kuchelewa, na hapa ndo roho ya jibu langu kwa hiyo naomba usome taratibu. Bahari ina uzito na maji yanasuguana na chini na yanazunguka visiwa na miamba, hayaitiki papo kwa papo. Syzygy ikitokea leo, bamvua lenyewe linafika kileleni kesho au keshokutwa. Wataalamu wanalijua hilo na watu wetu wanalijua tangu zamani bila ya kitabu. Tazama tarehe zetu za mwezi mwandamo. Mwezi hauonekani siku ileile ya ijtimai, ni mchanga mno na uko karibu na jua, unaonekana jioni ya siku inayofuata au hata ya pili yake, ndo hapo Mufti anatangaza. Kwa hiyo ukifika mwezi mosi ule wa kuandama ijtimai imeshapita siku moja mbili, na bamvua ndo limo kileleni. Ndo mana siku za Idi ndogo, mosi na pili ya Mfunguo Mosi, bahari inakuwa kwenye bamvua miaka yote, na Idi kubwa, kumi ya Mfunguo Tatu, unakuta ni maji mafu au ndo yanataka kuondoka. Kalenda ile na bahari vinakwenda pamoja kwa sababu vyote viwili vinaanza baada ya syzygy kupita. Mie kila nikilifikiria jambo hili napata furaha kubwa, mana wanafunzi wangu wengi wanadhani elimu hii imetoka kwenye kitabu cha Kiingereza peke yake, kumbe bibi wa Jambiani anayekwambia "bamvua la mwezi kuandama" na "bamvua la mwezi mpevu" ameshakutajia syzygy zote mbili pamoja na matokeo yake.

Kitu chengine ambacho kijitabu chako lazima kitakigusa ni saa. Huku kwetu bamvua likiwa kamili maji yanakupwa kwenye saa 4 au saa 5 za asubuhi, na usiku vilevile, na yanajaa saa 10 alfajiri na saa 10 jioni hivi. Inarudi hivyo kila bamvua. Kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989 kilipata bahati hiyo ya kimaumbile, wakati maji yamekwenda mbali kabisa ndo mchana mweupe, mtu ameshamaliza kupeleka watoto skuli, anaingia na kamba zake na vijiti vyake. Na manahodha wa Kiingereza wa zamani walilijua hili kwa kila bandari wakaliandika kwenye ramani zao. Lakini ukizitazama ramani zile huoni syzygy, utaona H.W.F. & C., yaani saa ya maji kujaa siku ya full and change, mwezi mpevu na mwezi kubadilika. Kwa maneno mengine, wenye lugha yao wenyewe wakiwa kazini chomboni hawakulitumia neno hilo la Kigiriki, walitumia maneno ya baharia, na lile la Kigiriki wakawaachia watu wa falaki na vitabu. Hilo likupe moyo kwenye tafsiri yako.

Kuna siku bamvua linazidi bamvua. Mwezi hauzunguki dunia kwa duara kamili, kuna wakati unakaribia mpaka kama kilomita 357,000 na kuna wakati unakwenda mbali hadi kama 406,000, na nguvu yake kwenye maji inabadilika haraka sana kwa umbali. Syzygy ikikutana na mwezi ukiwa karibu wataalamu wanaandika perigee-syzygy, na hicho ndo kile ambacho magazeti saivi yanakiita supermoon, jina lililotungwa na mnajimu mmoja wa Marekani mwaka 1979. Ongeza na miezi ya Machi na Septemba jua likiwa sawa na ikweta, hapo unapata zile bamvua kubwa za mwaka, maji ya chumvi yanapanda mpaka kwenye mabonde ya mpunga yaliyopakana na mikoko huko kwenu Pemba. Kama kijitabu kinayo sehemu hiyo usiipunguze hata mstari, ndo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote.

Na kupatwa kwa jua na mwezi je? Huko nako ni syzygy, tena haiwezekani kupatwa bila syzygy: jua linapatwa mwezi ukiwa kiza tu, na mwezi unapatwa ukiwa mpevu tu. Ila haitokei kila mara kwa sababu njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5, mara nyingi unapita juu kidogo au chini kidogo ya mstari. Lile jua la 1 Septemba 2016 lililofanya pete kule Rujewa, Mbeya, na sisi huku tukaliona limeliwa sehemu, na ule mwezi uliopatwa wote usiku wa 7 Septemba 2025, zote hizo ni syzygy zilizonyooka khasa. Nyengine zote zimenyooka kiasi tu, na kwa maji hiyo inatosha.

Maana nyengine za neno hili ntazipitia haraka mana kwenye kazi yako hazimo, lakini ukizikuta usishtuke. Kwenye hesabu Mwingereza Sylvester alilileta mwaka 1853 kwa uhusiano fulani kati ya milinganyo, na mwaka 1890 Mjerumani Hilbert akathibitisha kanuni kubwa inayobeba jina hilo. Kwenye mashairi ya Kigiriki ni vipande viwili vya mstari, Kiingereza chake feet, kuhesabiwa kuwa kimoja. Kwenye elimu ya nafsi daktari wa Uswisi Jung alilitumia kwa upande wa kike na wa kiume ndani ya mtu mmoja. Zote zinarudi kwenye nira, vitu kufungwa pamoja. Wingi wake ni syzygies, na kivumishi utakachokiona ni syzygial. Husemi kitu kinafanya syzygy, unasema kiko in syzygy, au jambo linatokea at syzygy.

Sasa tafsiri. Nimeona umenitumia sentensi moja, the range is greatest a day or two after syzygy. Mie ningeiandika hivi: "Maji hujaa sana na kupwa sana siku moja au mbili baada ya mwezi kuwa kiza au kupevuka." Hamna neno geni hata moja na hakuna kilichopotea. Panapozungumzwa sababu, kule mbinguni, andika jua, mwezi na dunia kuwa mstari mmoja. Panapozungumzwa tarehe, andika mwezi kiza na mwezi mpevu. Na kwenye tides of syzygy, au syzygial tides, hapo tu ndo mwenzako yuko sawa, andika bamvua, mana hapo kinachotajwa ni maji yenyewe. Ukipata kazi ya wanafunzi wa chuo ambapo istilahi inarudi mara nyingi unaweza kuandika sizijia, ukaieleza mara ya kwanza kisha ukaendelea nayo, ila kwa kinamama wa mwani sioni haja, ungekuwa unawapa jina la kitu wanachokijua kwa majina mawili tayari.

Jihadhari pia na spring tide, mana lazima imo na imewaangusha wengi. Haihusiani na majira ya kuchipua kwa maua huko Ulaya, ile spring ni kuruka, kupanda juu, na inakuja mara mbili kila mwezi. Nimeshaona imeandikwa "maji ya majira ya machipuo" kwenye karatasi ya semina, mtu wa Makangale ataelewa nini hapo? Spring tide ni bamvua, neap tide ni maji mafu, imekwisha.

Lililobaki ni lile jedwali la nyuma. Safu yenye kichwa Syzygy ipe kichwa Mwezi kiza na mwezi mpevu, halafu waombe wenye kijitabu ruhusa uongeze safu ya pili pembeni yake, Bamvua, na humo usogeze mbele siku moja mpaka mbili, usiandike tarehe moja kavu. Na kabla ya yote hayo tazama juu ya jedwali kama pameandikwa UTC, mana ikiwa hivyo saa zote ni za kimataifa na unatakiwa uongeze saa tatu ndo ziwe zetu. Syzygy iliyoandikwa 22:30 ya tarehe 9 kwetu sisi ni saa 7 na nusu usiku, tarehe 10 imeshaingia. Ukimpa bibi mmoja wa mwani aipitie na akakwambia tarehe zako ziko nyuma kwa siku moja, anza kwa kuangalia hizo saa tatu.